Siku Bena Ngo Balikatala Kufa Kwangu

Miye nilishaka kufa mara moja. Haina kufa ya homa, haina kufa ya kuanguka mu shimo ku kazi. Nilikufa mbele ya bantu elfu mbili, mu sale ya michezo ya bafanyakazi, hapa Lubumbashi, siku ya Mungu, ni kusema jumapili, kisha saa tisa ya muchana, na ile kufa njo ilinipatia bibi. Sale yenyewe balijenga kwa bantu mia tatu. Utaniuliza elfu mbili baliingia namna gani. Bamoja balikaa juu ya mabega ya bengine, na bale ba juu balibeba batoto. Kama unakatala, uliza muntu mwenye alikuwa pale. Atakuambia tulikuwa elfu tatu.

Lakini tuanze ku mwanzo, juu bila ule bibi singekubali kufa ata dakika moja.

Nilikuwa kijana. Kazi yangu ilikuwa kusukuma ku reli bagon ya majiwe ya mukuba, ni kusema shaba, lakini kinywa yangu njo ilifanya kazi kupita mikono. Nikianza kusimulia mambo, bagon ilikuwa inajisukuma yeye mwenyewe ikuye kunisikiliza karibu. Kicheko ya timu yetu balikuwa banaisikia mpaka muji ya Kipushi, mbali kule, na kule nao banacheka, bila kujua juu ya nini, kisha banatuma muntu na baisikeli kuuliza.

Njo nikaona mutoto mwanamuke moja wa njia ya nyuma ya kwetu. Muzuri namna gani? Akipita karibu na reli, mwenye kuendesha treni alipiga filimbi mara mbili, moja ya kazi, moja yake. Lakini haina buzuri njo ilinikamata. Ilikuwa ulimi. Siku ya kwanza nilimuambia: "Dada, nikikuona, moyo yangu inaruka." Akaniangalia kuanza ku kichwa mpaka ku biatu, akasema: "Basi uifunge kamba, majirani beko na kuku, itabaogopesha." Nikarudia ku nyumba, nikacheka peke yangu mpaka mama akaniletea dawa ya minyoo.

Matata ilikuwa baba yake. Alikuwa kapita ya timu yetu, mukubwa ya kutuangalia ku kazi, muzee mwenye kufunga uso sawa mulango ya magazini. Meno yake hakuna muntu aliyaona. Balisema munganga ya meno alimuomba afungue kinywa, yeye akauliza: "Juu ya nini?"

Nikatuma shangazi yangu abebe neno kwake, vile desturi inaomba. Shangazi akarudi bila jibu. Kesho yake kapita mwenyewe akanikuta pa bagon, timu yote iko pale.

"Weye kijana."

"Ndiyo, baba kapita."

"Unataka kuoa kwangu."

"Ndiyo, baba."

"Na mutoto yangu utamulisha nini? Kicheko?"

Nilitaka kunyamaza. Ninaapa. Lakini kinywa yangu ni kama mbwa ya jirani, inatoka bila kuaga. Nikasema: "Baba, tukiweka chumvi kiloko, inakulika."

Timu yote ikaanguka chini. Yeye hapana. Akangoja bamalize, akaniambia pole pole: "Siku nitakuona saa moja muzima mbele ya bantu, na weye haukuchekesha muntu ata moja, siku ile nitakuita mukwe. Mbele ya ile siku, usipite mu njia ya kwangu."

Saa moja. Ndugu yangu, miye nilikuwa nachekesha bantu ata nikilala, juu nilikuwa nakoroma hadisi.

Kuko tena mambo ingine yenye mutajua. Miye ni mwina Mbushi, kabila ya Mbuzi. Kapita alikuwa mwina Ngo, kabila ya Chui. Bena Ngo na bena Mbushi ni banungwe, ni kusema bantu ba kutaniana tangu bankambo. Mwina Ngo anaweza kuingia kwangu, anakamata kuku, anaenda nayo, na miye ninasema asante. Na mwina Mbushi akikufa, bena Ngo njo banamuzika. Banamutukana pale pale mu kilio, banalala mu shimo yake, banakatala ashuke mpaka roho yabo ifurahi. Haina zarau. Ni kazi, na ni kazi ya nguvu. Kifo yenye hakuna munungwe ya kuichekelea ni kifo ya mbwa. Lakini kapita yetu, ata ile kazi alikuwa anaifanya na uso ya kufunga. Alikuwa anatukana maiti sawa muntu anapima mbao.

Sasa mwaka ule kukaya mwalimu moja mugeni mu masomo ya batoto ba bafanyakazi. Alitokea Haiti, kisanga moja ya mbali sana mu bahari ya Karaibi. Mweusi kama siye, murefu vile, akitaka kujua kama mvua itakuya anainama kwanza aone mawingu chini yake. Kifaransa yake ilifanya ata Babelgiji bafungue diksioneri. Lakini Kiswahili alijifunza kwa bamama ba soko, basi alisema sawa muuzaji ya nyanya. Ukimusalimia, anajibu: "Karibu, papa yangu, nitakuongezea moja." Nyumba yake haikuwa na kitanda. Alikuwa analala mu machela, nguo ya kufunga ku misumari mbili, anabembea pale sawa popo.

Ile ilikuwa miaka yenye serikali ilitukataza majina ya ubatizo. Balisema tuache majina ya bageni, turudilie ya bankambo. Miye nilikuwa nayo mbili tangu zamani. Mama aliniita moja wakati ya kula, ingine wakati ya kuchapwa, basi hakuna kintu ilibadilika. Mukubwa ya chama mu kampi yetu akatafuta teatre ya kuonyesha bantu benye balikatala kupoteza jina yabo. Mwalimu akamuambia: niko nayo.

Akatukusanya mu sale kisha kazi. Akasimama mbele, akasema:

"Bapapa, nitabaelezea bantu ba kisanga ya kwetu, mbele siye beusi batupeleke kule. Jina yabo Bataino. Balikuwa na bafalme, na mashamba, na mupira, na ngoma. Siku moja Baspanyole bakafika na mashua makubwa. Bakaona mufalme amevaa kintu ya kungaa ku kifua. Bakamuuliza: hii munachimba wapi?"

Sale yote ikasema: "Aa." Hakuna mufanyakazi ya mukuba mwenye hajue ile swali.

"Bakasema: kila muntu mukubwa, kila myezi mitatu, alete zahabu, kengele kiloko ya kujaa. Mwenye haleti, azabu."

Dereva moja muzee akanyosha mukono. "Na posho?"

"Hakuna posho."

"Na konje, siku ya kupumuzika?"

"Hakuna konje."

"Na lopitalo?"

"Ugonjwa njo Baspanyole balileta."

"Basi balikufa," dereva akasema, akakaa.

"Njo vile mabuku inaandika," mwalimu akajibu. "Ku masomo miye nilifundishwa vile: Bataino, bantu ba zamani, balikwisha bote. Kisha ninarudia ku nyumba, ninakuta nkambo yangu mwanamuke anakuna mihogo, anakamua mayi yake ya sumu, anapika mukate ya Bataino, kisha analala mu machela ya Bataino. Ninamuambia: nkambo, balikwisha, niliisoma. Yeye ananipiga na mwiko."

Akatuelezea tena. Bengine balikimbilia mu milima. Bengine balioana na beusi benye balitoroka mu mashamba ya miwa. Padri alikuwa anabamwangia mayi, anabapa jina ya Kispanyole. Ku kanisa banaitika ile, na mu shamba ya mihogo banaitana na ile ya bankambo. Pale nikaangalia pembeni, nikaona bazee beko banacheka kichini-chini, juu siye tulikuwa tunafanya ile ile, ila ya kugeuza. Ku kazi jina ya nkambo, mu nyumba jina ya ubatizo.

Kisha akasema neno yenye iliniingia kabisa. Akasema bafalme ba Bataino habakupenda zahabu tupu. Balipenda zahabu ya kuchanganya na mukuba, juu ile iko nyekundu na iko na harufu muzuri. Sale ikasimama. Bazee bakapiga mikono. Bantu benye banaweka mukuba juu ya zahabu, bale ni ndugu, hakuna ya kuuliza.

Kesho yake bundugu ile ikakuwa vita. Mwalimu alisema mahindi na mihogo, yote mbili, ilitoka kwa bale bantu na majirani yabo ya ile ngambo, mbele ifike huku. Na tumbako. Na pilipili.

"Ngoja," dereva akasema. "Bukari ni bunga ya mahindi na bunga ya mihogo."

"Ndiyo, papa yangu."

"Sasa bukari ni ya nani?"

Dereva hakungoja jibu.

"Na bankambo yetu balikuwa banakula nini? Upepo?"

"Mtama, papa. Na ilikuwa tamu."

Tulipigana maneno siku tatu. Dereva akaapa hatakula tena bukari mpaka waseme ni yetu. Akakaza roho kuanza asubui mpaka saa sita na nusu. Kisha akasema amebasamehe Bataino, bapite, bakule naye.

Wakati ya kugawa kazi ya teatre, bote balisonta miye niwe mufalme, kwa kunichekelea. Lakini mwalimu akaeleza: teatre ni saa moja. Mufalme eko pale kuanza mwanzo mpaka mwisho, hacheke, hachekeshe, anasema neno moja tu, banamuua, analala. Moyo yangu ikaruka, bila kamba. Saa moja, mbele ya bantu. Nikakamata ile kazi sawa muntu anakamata kuku ya sikukuu.

"Kisha kukufa," mwalimu akaniambia, "Muspanyole anaandika mu buku: balikwisha. Kisha kimya. Ninahesabu mpaka mia moja. Kisha nkambo moja mwanamuke anaingia na kitunga ya mihogo, anasema neno ya mwisho. Ile kimya njo roho ya teatre, papa. Ukiiharibu, haukuniharibia teatre. Uliniharibia nkambo."

Na nkambo ya mihogo alikuwa nani? Mutoto ya kapita. Siku yenye tulipima teatre mara ya kwanza, akanipita na kitunga, akaniambia pa sikio: "Kufa vizuri. Nimeshona nguo ya ndoa, na haina ya muntu mwingine kuvaa." Tangu siku ile nilikufa kila siku, asubui na magaribi. Nilikufa ku kazi, nilikufa ku bomba ya mayi. Mama akachoka, akasema: "Ukimaliza kufa, lete kuni."

Mavazi ilitusumbua. Mwalimu alisema mufalme alivaa nguo kiloko ya mbele na manyoya. Miye nikamuambia: nguo kiloko ya mbele, mbele ya baba mukwe? Heri banichome. Tukakubaliana: manyoya ku kichwa, na suruali mbili, moja juu ya ingine, kwa heshima ya ukoo. Kuku bote ba njia yetu balitembea uchi mwezi muzima. Na rafiki moja wa kazi akanitengenezea sahani ya mukuba ya kuvaa ku kifua. Nikisimama mu jua, ndege bakageuza njia.

Siku ikafika. Kapita akakaa ku mustari ya mbele, katikati, na saa yake ya mukono. Mukubwa ya chama akaanza, tukapiga mikono vile balituzoesha. Kisha mwalimu akafungua pazia, na kapita akaangalia saa. Niliona. Ilikuwa saa tisa kamili.

Baspanyole bakaingia. Balikuwa bafanyakazi ba timu ya pili, na kofia ya mungodi, ya kuchimbia mukuba, ku kichwa, na bunga ya kupakaa ku uso. Joto ilikuwa ya kuchemusha mayai. Bakatoka jasho, bunga ikakuwa bukari, ikaanza kushuka ku shingo. Sale ikacheka mpaka kuchoka. Miye nikaogopa, nikaangalia kapita. Yeye akanitikisia kichwa: ile haina yako. Nikapumua. Muamuzi ya haki.

Muspanyole mukubwa akanisimamia mbele. "Tangu leo jina yako ni ingine," akasema. "Na uonyeshe zahabu iko wapi."

Nikasema neno yangu, ile moja: "Jina yangu iko mu udongo. Chimba. Utaikuta mbele ya zahabu."

Hakuna muntu alicheka. Ndugu yangu, ile kimya nilikuwa siijue. Tangu nizaliwe sikufungulaka kinywa na bantu elfu mbili bakanyamaza.  Nikaona muzee ya dereva anafuta macho.

Wakanichoma na upanga ya mbao, hapa chini ya kwapa. Nikaanguka. Nilianguka vizuri vile, ile kilima nyeusi ya takataka ya mukuba ilitikisika kule ngambo ya muto. Muspanyole akafungua buku, akaandika, akasoma kwa sauti: "Balikwisha."

Kimya ikaanza. Nikamusikia mwalimu nyuma ya pazia anahesabu: moja, mbili, tatu. Akafika nane.

"Nani amekufa pale?"

Ilikuwa mama moja munene mwenye kuuzisha munkoyo, pombe ya mahindi, pa mulango ya sale. Alikuwa ameingia kuangalia tu.

"Mama, ni teatre," bakamuambia.

"Ninauliza nani amekufa."

"Ni mutoto ya mama fulani, ule mwenye kusema mingi."

"Ule si mwina Mbushi?" Akasimama. "Mbuzi imekufa, na hakuna muntu ameita bena Ngo?"

"Mama, ni teatre."

"Teatre ni yenu. Maiti njo yetu."

Akapanda. Nikasikia mbao zinalia. Nyuma yake bakapanda bengine bane, kisha kumi, kisha arobaini. Muspanyole mukubwa akataka kubafukuza, lakini yeye pia alikuwa mwina Ngo ku upande ya mama yake. Akafikiri kiloko, akatupa upanga, akakuya kwa kazi.

"Angalia tumbo," mama ya munkoyo akasema. "Huyu alikufa juu ya kukula bustani ya bantu."

"Mbuzi haikufe vile," mwingine akajibu. "Miguu iangalie juu." Bakaniinua miguu.

"Na suruali mbili. Alijua safari ni ya mbali."

Moja akalala pembeni yangu, akanisukuma. "Sogea, shimo ni yangu, nilifika mbele." Mwingine akaweka tonge ya bukari pa pua yangu, ya moto, na sombe, majani ya mihogo. Mwingine akanitekenya chini ya mbavu na unyoya ya kichwa yangu mwenyewe. Miye kimya. Nilifikiri mambo ya huzuni yote yenye nilijua. Nilifikiri kiatu yangu ya kushoto. Nilifikiri siku yenye nilimeza nyuki. Machozi ilianza kutoka ku macho, inashukia mu masikio, mpaka nikakuwa nasikia sale sawa niko chini ya mayi. Na sale ilikuwa inacheka vile, mabati ya juu inainuka na kurudi. Nikajisemea: haina miye. Ni beye benye banachekesha. Miye niko maiti tu.

Nikafungua jicho moja, kiasi ya nywele. Kapita alikuwa ameshika saa yake, na uso yake ilianza kutikisika sawa mulango yenye muntu anasukuma toka ndani.

Mama ya munkoyo naye akamuona. "Kapita," akasema, "hapa weye njo mukubwa ya bena Ngo. Utakaa pale sawa mugeni, na Mbuzi iko chini? Bankambo bakikuuliza, utabaonyesha saa?"

 Kapita akasimama. Akavua kofia. Akapanda pole pole, hatua moja, hatua mbili, akazunguka maiti mara moja vile inafaa, kisha akakaa. Alikaa juu ya kifua yangu, juu ya ile sahani ya mukuba. Bizito yake ilikuwa ya tembo mbili, moja mwenye mimba.

"Huyu haweze kufa," akasema.

"Juu ya nini, kapita?"

"Juu kufa ni kazi. Miye niko kapita yake. Tangu aingie, hakumalizaka kazi ata moja."

Sale ikalipuka. Yeye akangoja, sawa vile anangojaka siku zote, kisha akaendelea, na sauti ile ile ya kupima mbao:

"Mumeandika mu buku bale bantu balikwisha? Kama mufalme yabo alikuwa kama huyu, habakwisha. Beko njiani, banaenda kukufa, lakini anabasimamisha kila pahali abaambie kitu."

Na pale akacheka. Ndugu, meno njo ile. Yote iko, meupe, mapya kabisa, sawa bintu ya magazini yenye habakufungula kartoni. Mama ya munkoyo alishangaa, akamushika ku bega. Mukubwa ya chama alikuwa amelala juu ya meza kwa kicheko. Na miye chini ya tembo mbili sikutikisika. Ninaapa kwa majina yangu yote mbili, sikutikisika.

Mutoto ya kapita alikuwa amesimama nyuma ya pazia wakati yote ile na kitunga ya mihogo ku kichwa. Shingo ilikuwa imechoka, roho pia. Hakungoja mia moja. Akaingia. Alitembea sawa nkambo mwenyewe, mugongo ya kuinama, pole pole, na bamama bakamuachia njia bila kuambiwa. Akapita mu kati ya Baspanyole na bena Ngo, akaweka kitunga karibu na kichwa yangu, akakaa chini, akakamata kisu, akaanza kuambula mihogo. Hakuna kintu ingine yenye ilisikilika. Kisu tu. Baba yake akavuta mguu kwa kumupatia nafasi, lakini juu yangu hakushuka.

Mwalimu alikuwa amemufundisha neno moja: baliandika tumekwisha, basi mihogo hii nani alilima? Neno muzuri. Lakini ule mutoto hakuipenda sana. Akainua macho, akaangalia bale bantu bote, bale ba juu ya mabega na bale ba chini, akasema:

"Baliandika tumekwisha. Sasa haya makelele yote ni ya nani?"

Njo kimya ya mwalimu ikafika. Haikuwa ya mia moja. Ilikuwa ya elfu. Hakuna muntu alipiga mikono. Nilisikia nyuma ya pazia kintu sawa muntu anakohoa, na haikuwa kukohoa. Kisha mwalimu akatoka, murefu vile, uso yote ya mayi, akakaa chini na bamama ba bena Ngo, akaomba kisu, akaanza kuambula nao.

Kapita akashuka juu yangu. Akaangalia saa yake. Ilikuwa saa kumi na dakika saba.

Inje, bantu bakatuzunguka, juu wote walijua habari ya saa moja. Uso yake ilikuwa imefungwa tena, na kufuli.

"Nilikuambia saa moja," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Sale ilicheka."

"Ilicheka, baba." Kinywa yangu ilitaka kutoka, nikaikamata ku shingo. Nikasema pole pole: "Lakini nani aliichekesha?"

Akaangalia chini. Akaangalia mama ya munkoyo, mwenye aliangalia mawingu. Akaangalia mutoto yake.

"Baba," mutoto akasema, "huyu alikuwa maiti. Ni weye ulikuwa muzima."

Kapita akavaa kofia yake. Kisha akasema: "Mukwe." Alisema vile tu, sawa muntu anaonja mboga. "Mukwe. Kuya siku ya Mungu ijayo na bantu ya kwenu. Ulete bale benye habaseme mingi."

"Baba, kwetu bale habako."

"Basi ulete benye homa."

Bamama ba bena Ngo bakapiga vigelegele, na mwalimu akanipigia mugongo, akaniambia kwa Kiswahili yake ya soko: "Papa yangu, ulikufa muzuri, nitakuongezea moja."

Nilioa bibi, tulifanya sikukuu yenye ng'ombe za Zambia zilisikia zikakimbia. Lakini kuko kintu moja yenye sikuifikiri mbele. Ukishakuwa mukwe, bunungwe inakwisha. Mukwe hataniane na baba ya bibi yake, ata kama ni Chui na Mbuzi. Ni heshima. Basi ule muzee, mwenye alifungula meno mara moja mu maisha yake juu ya kifua yangu, siku ile ile balimufunga kinywa tena. Na miye pia balinifunga.

Nikienda kwake, tulikuwa tunakaa yeye huku, miye kule, macho chini, sahani ya bukari pa kati, bila neno. Bibi yangu njo alikuwa anasema, toka ku jiko, yote yenye siye balitukataza. Siku moja alimuuliza mama yake, kwa sauti, kama Mbuzi yake, ni kusema miye, imekula vizuri ao inatafuta tena bustani ya jirani. Tonge ikamuanguka muzee mu mboga. Akasimama, akasema anaenda kuangalia kama jua iko. Akabaki inje muda murefu, tukamusikia anakohoa, anakohoa, kukohoa ya kuficha meno. Miye nikabaki pale pale ndani, na heshima yote, nakohoa naye.